Maswali ya Wasomaji: Kitanda, Sahani na Bumu la Kwanza

Septemba ikiisha barua za meza hii hubadilika. Maswali ya mbegu na ndoa hupungua, wanaanza kuandika wazazi wenye watoto wa kidato cha sita waliopata chuo, na watoto wenyewe. Mwezi huu tumechukua saba. Wengi wanakuja Malimbe, kwenye Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino hapa Mwanza, wachache chuo cha tiba cha Bugando na vyuo vya mjini, lakini mambo ya kitanda, chakula na bumu, yaani pesa ya kujikimu ya Bodi ya Mikopo, yanafanana kote.

Binti yangu amechaguliwa kusoma Malimbe na barua ya udahili tunayo. Jirani anasema kitanda ni jambo jingine kabisa. Tena kuna kijana amenipigia simu, anasema atamshikia chumba bwenini nikimtumia 50,000. Nifanyeje?
*Mama Neema, Sengerema*

Mama Neema, shikamoo. Jirani yako amesema kweli. Barua ya udahili inampa binti nafasi darasani tu. Kitanda kinaombwa peke yake na kulipiwa peke yake, na kwa kuwa vitanda ni vichache kuliko wanafunzi, anayechelewa kulipa hukuta pamejaa hata kama alichaguliwa awamu ya kwanza.

Kijana huyo usimtumie hata mia. Kitanda cha chuo hakishikwi na mtu kwa simu. Kinatolewa na ofisi ya mshauri wa wanafunzi, na malipo yake yanaingia kwenye akaunti ya chuo, hayapiti kwenye namba ya simu ya mtu. Akikwambia yeye ni “wa serikali ya wanafunzi”, mwambie mtaonana ofisini siku ya kuripoti.

Utaratibu ni huu. Kama binti amechaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, athibitishe kwanza chuo kimoja kwa namba ya siri anayotumiwa kwenye simu, ndani ya siku zilizotangazwa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Kabla ya hapo msilipe chochote, maana kurudishiwa pesa ni safari ndefu. Kisha fungueni fomu ya maelekezo ya kujiunga, mtafute ukurasa wa malazi. Someni mambo mawili: bei ni ya muhula au ya mwaka, na je, godoro lipo au halipo? Halafu binti aingie kwenye akaunti yake ya mfumo wa chuo, aombe malazi, apate namba ya kumbukumbu ya malipo ya hosteli.

Makosa mengi yanafanyika hapo. Namba hiyo ni ya mtu mmoja na ya malipo ya aina moja. Wazazi huchukua namba ya ada wakalipia hosteli, au kinyume chake, kisha pesa inaonekana imefika lakini kitanda kinasoma deni, na kuihamisha huchukua muda hadi vyumba vimekwisha. Kosa la pili ni makato. Ukituma kiasi kilekile bila kuweka cha muamala juu, inaweza kufika pungufu ya elfu moja au mbili, na mfumo hauna huruma na pungufu. Chapisheni stakabadhi kwenye karatasi, nakala mbili. Simu huibiwa stendi.

Kuhusu safari: tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hakuna tena kungoja kivuko. Gari la Sengerema linapita Usagara, Buhongwa na Mkolani, kwa hiyo mnafika Nyegezi kabla ya mjini. Shukeni stendi ya Nyegezi, mtafute usafiri wa Malimbe hapohapo. Wanaotoka Musoma na Bunda ndio wenye kazi, kwa sababu stendi yao ni Nyamhongolo, upande mwingine wa jiji, na godoro kwenye daladala la jioni ni ugomvi. Aje siku ya kazi asubuhi. Anayefika Ijumaa jioni hulala gesti mpaka Jumatatu.

Akifika atapewa fomu ya kupokea chumba. Asisaini akiwa mlangoni. Aingie, ajaribu kitasa, swichi, soketi, kufuli la kabati na chaga za kitanda, apige picha kila kilichovunjika na kiandikwe kwenye fomu. Kisichoandikwa siku hiyo atakilipia siku ya kurudisha funguo.

Bweni lina vitanda vya deka. Mzee anataka ninunue godoro la futi tatu na nusu ili nilitumie hata nikihamia geto, chumba cha kupanga mtaani. Na nibebe nini kingine?
*Mwaka wa kwanza, Magu*

Mdogo wetu, la futi tatu na nusu halitaingia. Deka nyingi za bweni zimetengenezwa kwa godoro la futi mbili na nusu kwa sita, chache futi tatu kwa sita. Ukilazimisha pana, ukingo mmoja unapanda juu ya chuma, usiku unateleza, na ndani ya muhula sponji imekatika katikati. Uliza kipimo kabla ya kununua, au ufike uone kitanda ndipo ununue Nyegezi au mjini. Hutalala chini usiku wa kwanza kwa sababu hiyo, maana maduka ya magodoro yapo.

Unene nao una kanuni yake. Inchi nne ukilala miezi mitatu utahesabu chaga kwa mgongo, inchi sita ni saizi nzuri. Ukipata kitanda cha juu usizidishe inchi sita: godoro likiwa nene linapanda mpaka usawa wa ule mkono wa chuma unaozuia mtu asianguke, basi mkono hauna kazi tena. Watu huanguka usiku, tena wakubwa kabisa.

Chandarua chenye dawa hakikwepeki, Kanda ya Ziwa ni nchi ya mbu. Kwa kitanda cha chini nunua cha pembe nne, ufunge kamba nne kwenye nguzo za deka. Cha duara kinataka ndoano juu, na juu yako kuna mtu. Kifike chini, ukikunje ndani ya godoro pande zote.

Mengine: ndoo mbili za lita 20 zenye mfuniko, moja ya kuoga na kufulia, nyingine ya maji safi isiyoguswa na sabuni kamwe. Kufuli lako mwenyewe la kabati, kandambili, beseni, hotpoti moja, chupa ya chai ya lita moja, shuka mbili za rangi nyepesi. Kwa nini nyepesi, soma barua inayofuata.

Wiki ya pili bwenini naamka na vipele vitatu vitatu vimejipanga mstari mkononi na shingoni. Wenzangu wanasema ni mbu. Chandarua ninacho.
*R., Nyegezi*

Dada R., mbu hang'ati kwa mstari. Hao ni kunguni, na chandarua hakiwazuii kwa sababu wanatoka kitandani penyewe.

Thibitisha leo. Vua shuka, chukua tochi ya simu, fuata mshono wa godoro kidole kwa kidole, hasa kwenye kona nne. Unatafuta vidoa vyeusi kama ncha ya kalamu ya wino (kwenye shuka nyepesi huonekana upesi), ambavyo ukivifuta kwa kitambaa chenye maji vinaacha michirizi ya rangi ya kutu. Hicho ni kinyesi chao. Utaona pia maganda makavu ya rangi ya chai na mayai meupe, madogo kama punje ya sukari. Kisha angalia kitanda chenyewe: matundu ya skrubu, na kwenye deka za chuma ile midomo ya mabomba iliyokosa kizibo cha plastiki. Humo ndimo kijiji kilipo. Watu hupiga dawa godoro tu, wakaacha bomba, wiki inayofuata wameanza upya.

Kuanika godoro juani peke yake hakutoshi. Upande wa juu unapata moto, wao wanahamia wa chini. Kinachowaua ni joto la maji yanayochemka. Shuka, foronya na nguo zote za kitandani ziloweke kwenye maji ya moto sana, zianikwe, kisha zifungwe kwenye mfuko wa plastiki mpaka chumba kiishe kutibiwa. Mwaga maji yanayochemka kwenye viungo na mabomba ya chuma, kitanda kikiwa nje. Ziba midomo ya mabomba.

Dawa ya kupuliza iombwe kwa mlezi wa bweni, wapulize chumba chote kwa pamoja na, ikiwezekana, vyumba jirani. Hapa ndipo mabweni mengi yanakosea: wanapuliza mara moja tu. Dawa nyingi hazivunji yai, na yai huanguliwa baada ya siku sita hadi kumi. Isiporudiwa baada ya wiki mbili, wale wachanga wanakua, wanataga, mzunguko unaanza tena. Usilale chumba kingine katikati ya zoezi, utawahamisha. Na likizoni usidhani watakufa njaa. Mkubwa anaweza kukaa miezi kadhaa bila kula.

Usione aibu kuripoti. Kunguni hafuati uchafu, anafuata mtu, na huja kwa begi la mgeni. Ndiyo maana mabweni yanakataza *kubebana*, ile tabia ya kumlaza mwenzako asiye na kitanda. Tunajua mtu hamwachi ndugu yake nje, lakini ukimbeba, begi lake likae juu ya meza, lisiingie uvunguni.

Nimenyang'anywa hita ya kuchemshia maji kwenye msako. Kwani umeme si nimelipia kwenye hosteli?
*Aliyekasirika, Malimbe*

Umelipia, ila waya haujui. Hita ya kawaida hula wati 1,500. Kwenye umeme wa volti 230 hiyo ni karibu ampia sita na nusu. Vyumba kadhaa huwa kwenye laini moja. Saa kumi na mbili asubuhi watu watatu wakizamisha hita na wa nne akiwasha birika la wati 2,000, mmefika ampia 28 kwenye waya uliotegemea taa, simu na kompyuta. Breka ikishuka mna bahati. Isiposhuka, kinachopata moto ni kiungo cha waya ndani ya ukuta au ile ekstensheni nyembamba ya bei rahisi iliyoviringishwa chini ya godoro. Sponji inashika moto upesi na moshi wake una sumu.

Halafu kuna ndoo. Hita ikigusa ukuta wa plastiki inaitoboa, maji yanamwagika, hita inabaki hewani ikiwaka nyekundu. Na anayechovya kidole kuonja joto kabla ya kuchomoa ndiye tunayesikia habari zake.

Maji ya moto ya chai yapatikane kantini kwa chupa, asubuhi mapema. Pasi ina chumba chake. Jiko la gesi bwenini lisifikiriwe kabisa, hata mtungi wa kilo sita.

Bumu la kwanza nilipata 600,000 kwa siku 60. Hosteli alilipa mjomba. Wiki mbili zimepita, nimebaki na 390,000 na sielewi imekwenda wapi. Hapa chai na chapati mbili ni 1,500, ugali dagaa 2,000, wali maharage 2,000, wali samaki 4,000. Nitafika?
*Kaka wa Bunda*

Utafika, ila hesabu ianze leo. Umetumia 210,000 kwa siku 14, yaani 15,000 kwa siku, wakati Bodi ya Mikopo imekupigia 10,000 kwa siku ya chakula na malazi pamoja. Bei ulizoandika hazifiki huko, hata ukila samaki mchana na usiku ni 9,500. Kilichokula pesa ni soda, chipsi mayai za saa nne usiku, bando na kumnunulia mwenzako. Si dhambi, ila ijulikane jina lake.

Siku zilizobaki ni 46. Toa kwanza 60,000 za kuchapisha kazi na bando. Toa tena 55,000, uziweke mbali na simu yako: hizo ni za siku kumi ambazo bumu lijalo litachelewa. Usiseme halitachelewa. Zimebaki 275,000.

Kwa bei zako, chai na chapati 1,500, mchana ugali dagaa 2,000, jioni wali maharage 2,000, jumla 5,500. Mara 46 ni 253,000. Umebakiwa na 22,000, na tofauti ya samaki na maharage ni 2,000, kwa hiyo unaweza kula samaki mara kumi na moja, karibu kila siku ya nne. Ukitaka kila siku ya tatu, acha chapati moja.

Tunaona wengi wanachagua *pasi ndefu*: hawali asubuhi wala mchana, jioni wanafuta sahani mbili. Kwa mfuko inaonekana nafuu, lakini saa nane mchana darasani unasinzia, na ile sahani ya pili unaongezea soda. Bora milo midogo mitatu. Wala usidharau dagaa wa Mwanza kwa kuwa ni rahisi. Unamla mzima na mifupa yake, kwa hiyo unapata protini na madini ya chokaa ambayo minofu ya sangara haikupi. Angalia tu sahani: dagaa aliyeanikwa juu ya chanja ni mweupe wa fedha na mkavu, aliyeanikwa chini anasaga mchanga menoni. Mama ntilie akileta wa mchanga, mwambie, atabadilisha duka. Wauzaji wa soko la Kirumba wana dagaa wa kila daraja.

Swali ambalo hukuuliza lakini utaulizwa wewe: kulipia kabla. Mama ntilie wengi wanakubali uweke hela, ule kwa kutiki. Ni nzuri kwa anayejijua hawezi kukaa na hela. Weka ya wiki moja, si ya mwezi. Daftari ziwe mbili, lako na lake, zinatikiwa pamoja. Andikeni sahani ni ya nini, maana “2,000” ya leo yenye nyama mbili wiki ya tatu inakuwa mchuzi. Na ukisafiri siku mbili, mkubaliane kabla kama zinahesabiwa.

Wali uliobaki jioni usiulaze kwenye hotpoti ili uule asubuhi. Kuna bakteria ambao mbegu zao hazifi kwenye kupikwa. Wali ukikaa vuguvugu usiku kucha wanazaliana na kutoa sumu, na kupasha moto hakuiondoi. Utatapika siku ya jaribio. Chapati inavumilia zaidi.

Na kwa wale ambao bado hawajafika: bumu la kwanza haliingii mpaka usajiliwe, jina la akaunti ya benki lifanane na la maombi ya mkopo herufi kwa herufi, na usaini mwenyewe. Njoo na hela ya kula ya mwezi mzima kutoka nyumbani. Kila mwaka wapo waliokuja na nauli tu.

Maji ya bomba yakikatika, wenzetu wanakwenda kuoga na kufua ziwani upande wa Luchelele. Kuna ubaya?
*J., Malimbe*

Upo, unaitwa kichocho. Vijidudu vinatoka kwenye konokono wa majani ya ukingoni, vinapenya ngozi nzima isiyo na kidonda ndani ya dakika chache. Kufua ukiwa umesimama majini ni sawa na kuoga. Maji ya ziwa yakichotwa, yakae kwenye ndoo iliyofunikwa siku mbili kamili kabla ya kuoga, vijidudu vinakufa vyenyewe. Lakini huwezi kuyanywa bila kuyachemsha, maana taifodi na kipindupindu havifi kwa kukaa. Aliyekwisha ingia aende zahanati, aeleze kuwa alioga ziwani. Dawa ipo, ni vidonge.

Nimekosa bweni. Dalali ana chumba Malimbe, anataka kodi ya mwaka na ya kwake ya mwezi mmoja. Niangalie nini?
*Binti wa Geita*

Mwaka wa masomo unaanza Oktoba au Novemba na kwisha Julai au Agosti. Kodi ya miezi kumi na mbili maana yake unalipia chumba kitupu ukiwa Geita. Dai miezi sita sita. Wenye nyumba wa Malimbe wanajua kalenda ya chuo kuliko wanafunzi, watakubali, wakikataa kuna nyumba ya pili. Ya dalali ilipwe baada ya kukabidhiwa funguo, si baada ya kuonyeshwa chumba.

Nenda kukiona chumba mara mbili, mchana na usiku. Usiku utajua njia ina taa au ni mawe matupu. Fungua bomba, usiambiwe “maji yapo”. Uliza simtanki ni la lita ngapi na linagawanywa kwa vyumba vingapi. Vyumba vingi vimejengwa mitelemkoni kati ya majabali, kwa hiyo tazama ukuta wa upande wa mlima: rangi ikivimba chini, mvua za vuli zinaingia ndani, nawe unahamia zikiwa zimeanza.

Mita ya LUKU ndiyo ugomvi mkubwa. Nyumba inayotumia chini ya uniti 75 kwa mwezi inaweza kuwa kwenye daraja la shilingi 100 kwa uniti. Vyumba sita kwenye mita moja vinavuka hapo mara moja, na uniti inapanda zaidi ya mara tatu. Ukipata chumba chenye mita yake, hata kama kodi imezidi kidogo, kipe nafasi ya kwanza. Ikiwa ni ya pamoja, kubalianeni kwa maandishi mwenye friji analipa ngapi. Kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU ni deni la mwenye nyumba, iandikwe kwamba mtaikata kwenye pango.

Mkataba uandikwe nakala mbili, na jina la mwenye nyumba mwenyewe liwemo, si la dalali wala la “mtoto wa mwenye nyumba”. Upitie ofisi ya serikali ya mtaa upigwe muhuri. Huko watakuambia pia kama nyumba hiyo ina kesi ya urithi. Ukipewa funguo, nunua kitasa kipya siku hiyohiyo, cha zamani ukimrudishie mwenye nyumba.